TAMKO LA TAWI: MABINTI WETU WA MPIRA WASIHUKUMIWE KWA KLIPU YA SAUTI



Tunaomba tamko hili lisomwe hadi mwisho kabla ya kujibiwa. Ni refu kuliko matangazo yetu ya kawaida, na safari hii si la michango wala la kikao. Asiyeona vizuri, kijana wa nyumbani amsomee.

Wiki tatu zilizopita klipu ya sauti ya dakika mbili ilizunguka kwenye magrupu ya Vuga, grupu la tawi letu likiwemo. Msemaji hakujitaja jina. Alisema timu ya wasichana inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa shule imekuwa mahali pa kufundishana usagaji, kwamba wanaonyoa nywele na kuvaa bukta "wameshaharibika", na kwamba wazazi wawatoe kabla mambo hayajawa makubwa. Hakusema nani ameona, lini wala wapi. Alisema "nasikia" na "watu wanaongea".

Daftari la mazoezi lilikuwa na wasichana 19. Jumamosi iliyopita walifika 8. Golikipa alikuwa aende Tanga kwenye majaribio, na baba yake amegoma kutia saini fomu. Mwingine amechapwa nyumbani kwa kosa ambalo hakuambiwa ni lipi. Aliye mdogo kuliko wote alimuuliza mama mlezi wa timu lile neno la kwenye simu maana yake nini.

Na sisi viongozi wa tawi tulinyamaza wiki zote tatu. Tuliisikiliza, tukaambiana itapita. Baadhi yetu tuliisambaza, tena tukaongeza alama za kucheka. Kamati ya Utendaji ilikaa juzi na jambo la kwanza kuandikwa kwenye muhtasari ni hilo: tulikosea, na kosa limeanzia mikononi mwetu. Ndiyo maana tamko hili linatoka kwetu na halisubiri mtu wa juu.

KWANZA, HESABU YA USHAHIDI

Kila mwaka tawi hili hudai mapato na matumizi ya kijiji yasomwe hadharani. Mtendaji akisema "fedha zilitumika" tunamwambia alete stakabadhi. Tumewahi kukaa mkutanoni hadi jua likazama kwa ajili ya mifuko ya saruji ambayo haikuwa na karatasi. Leo mtu asiyejulikana anasema watoto 19 wa wenzetu ni wachafu, na hatukumdai hata kipande cha karatasi. Kama neno "nasikia" halitoshi kuandika matumizi ya saruji, halitoshi kuandika tabia ya mtoto wa mtu.

Ushahidi wenyewe uliotajwa ni nini? Nywele fupi. Ndugu wanachama, shule nyingi za Serikali zinawanyoa wasichana, na hakuna aliyetoa klipu juu ya walimu wakuu. Bukta? Huo uwanja wetu tunaujua ulivyo. Mpira ukitoka upande wa chini unateremka hadi kwenye kabichi za watu, na anayeufuata anarudi na matope mpaka magotini. Mtu hachezi hapo na khanga. Sauti nzito na misuli? Hao ni mabinti wanaopanda mlima na ndoo ya maji na mzigo wa majani ya ng'ombe kabla ya kwenda mazoezini. Misuli hiyo wameipata kwa kazi za nyumbani kwetu.

PILI, MANENO HAYA HAYAKUANZIA VUGA

Agosti 2021, Ikulu Dar es Salaam, vijana wetu wa chini ya miaka 23 walikuwa wanapongezwa kwa kutwaa kombe la CECAFA. Katika hotuba yake siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alizungumzia wachezaji wa kike kuwa baadhi yao wana vifua bapa, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni wanaume, na kwamba mwonekano huo unawaweka mbali na ndoa. Tuwe wakweli: katika hotuba hiyo hiyo aliuliza pia wachezaji hawa wanaishije wakishamaliza mpira, na swali hilo ni la haki na bado halijajibiwa. Lakini lililobaki vijiweni halikuwa swali la pensheni wala bima. Lililobaki ni vifua.

Miezi 14 baadaye, Oktoba 2022, Serengeti Girls walikuwa India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Walifungwa na Japani 4-0 mechi ya kwanza, na hapa kwetu watu wakacheka. Kisha wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia. Hakuna timu ya soka ya wanaume ya nchi hii iliyowahi kugusa Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote hadi siku hiyo. Mwaka huo huo Simba Queens walimaliza wa nne kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika. Twiga Stars wamecheza fainali za Afrika mwaka 2010 Afrika Kusini na tena mwaka 2025 Morocco. Hao wote waliwahi kuwa wasichana wa mtaani wenye nywele fupi waliokuwa wanaitwa jike dume. Wangetolewa uwanjani wakiwa na miaka 13 kwa sababu ya klipu, Ufaransa ingefungwa na nani?

TATU, KIBANDANI TUNASHANGILIA, UWANJANI TUNATUKANA

Tulisema kikaoni kwamba tutaongea waziwazi, basi tuongee. Wanachama wetu wengi ni mashabiki wa Arsenal, na jezi zao tunaziona hata kwenye mikutano. Vivianne Miedema na Beth Mead waliichezea Arsenal wakiwa wapenzi, na hawakulificha hilo kwa mtu. Mead aliibuka mfungaji bora na mchezaji bora wa Euro ya wanawake mwaka 2022. Hakuna aliyevua jezi ya Arsenal hapa Vuga kwa ajili hiyo. Hakuna aliyechoma bendera. Yaani mchezaji aliye maelfu ya kilomita akisema mwenyewe kwa kinywa chake, tunaendelea kunywa chai na kuangalia mechi. Binti wa jirani ambaye hajasema lolote, tunamhukumu kwa urefu wa nywele. Hiyo si dini wala si mila. Ni kumuonea aliye karibu kwa sababu hawezi kutufanya kitu.

Wapo watakaosema, "Mbona Desemba 2024 nahodha wa Ipswich, Sam Morsy, alikataa kitambaa cha rangi za upinde wa mvua kwa sababu ya imani yake ya Kiislamu?" Ni kweli, alikataa, kama Idrissa Gueye alivyokosa mechi ya PSG mwezi Mei 2022 kulipokuwa na jezi zenye rangi hizo. Hiyo ni dhamiri yao, na hatuna ugomvi nayo. Lakini angalieni Morsy alifanya nini: alivaa kitambaa cha kawaida, akacheza dakika zake. Hakurekodi klipu ya kumtaja mchezaji mwenzake. Hakumpigia simu baba wa mtu. Anayempongeza Morsy amuige yote, asichague nusu inayomfurahisha.

NNE, WALIOLIPA

Wapo wanaodhani maneno ni upepo. Tutaje watu wawili ambao habari zao zinajulikana dunia nzima.

Justin Fashanu, baba yake Mnigeria, alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza Uingereza kununuliwa kwa pauni milioni moja, mwaka 1981. Mwaka 1990 alijitangaza wazi kuwa anapenda wanaume. Alizomewa, akahamahama vilabu, hata ndugu yake wa damu akamkana magazetini. Mwaka 1998, akiwa anachunguzwa Marekani kwa tuhuma ambazo alizikana, alijiua. Baada yake ilipita zaidi ya miaka 30 bila mwanamume mwingine anayecheza soka la kulipwa Uingereza kujitangaza, hadi Mei 2022 kijana wa miaka 17 wa Blackpool, Jake Daniels, alipofanya hivyo. Na hiyo ni nchi ambayo sheria haimfungi mtu kwa jambo hilo. Wakati huo wote kilichowafunga midomo kilikuwa jukwaa la mashabiki.

Eudy Simelane alikuwa kiungo wa Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini. Watu wa kwao KwaThema walijua anapenda wanawake, hakuficha. Aprili 2008 alibakwa na kuuawa kwa visu, jirani na nyumbani kwao. Alikuwa na miaka 31. Katiba ya nchi yake inamlinda kwa maandishi. Majirani ndio hawakumlinda.

Sisi hapa hatuna mchezaji wa Ligi Kuu aliyesimama akajitangaza. Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa kile inachokiita makosa ya kinyume cha maumbile. Kila mtu anajua hivyo na kila mtu ananyamaza. Sasa kwa kuwa hakuna aliyejitangaza, hasira yetu inamtafuta wa kumwangukia, na inamwangukia binti wa miaka 14 mwenye bukta. Hata hiyo sheria, kwa ukali wake wote, inataka kitendo, shahidi na hakimu. Klipu haina hata kimoja.

TANO, KUPELEKA MAJINA

Wenye kumbukumbu wanakumbuka Oktoba 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipotangaza msako na kuwataka wananchi wapeleke majina ya wanaowashuku kuwa mashoga. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatamka kuwa hayo yalikuwa maoni yake na si msimamo wa Serikali. Serikali iliweza kujiondoa kwa karatasi moja. Aliyetajwa jina hakuwa na karatasi ya kujiondolea. Jina likishaingia kwenye simu za watu halirudi.

Na sisi wa siasa tulipaswa kuwa wa kwanza kuiogopa silaha hii, kwa sababu tumeshapigwa nayo. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 mama mmoja wa tawi letu aligombea. Hawakumuuliza habari ya maji wala ya barabara. Walipitisha maneno kwamba hana mume kwa sababu "si mwanamke kamili". Tulikasirika, tukazunguka nyumba kwa nyumba kumtetea. Leo mama huyo huyo ameisikia klipu hii ikipigwa na watu waliomtetea. Tunamwomba radhi hapa mbele ya wanachama wote.

SITA, KWA WAZEE WETU WA KANISA NA MSIKITI

Tunajua imani zetu zinasemaje kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na tawi hili halina mamlaka ya kubadilisha mafundisho ya mtu. Tunachowakumbusha ni kwamba vitabu hivyo hivyo vina neno juu ya msemaji pia. Katika Sura An-Nur, anayemsingizia mwanamke mwema uzinzi bila kuleta mashahidi wanne anastahili viboko themanini, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Katika Amri Kumi kuna inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Kwa hiyo anayesema ametuma klipu kwa ajili ya dini, kwanza alete mashahidi wake.

SABA, HOFU YA WAZAZI NI YA KWELI

Hatuwadharau wazazi. Mtoto wa kike anayetoka nyumbani jioni ana hatari zake, na wapo watu wazima wanaotumia michezo kuwadhuru watoto, wawe wanaume au wanawake. Mzazi mwenye shaka ya namna hiyo asikae nayo wala asiirushe kwenye grupu. Aende Ustawi wa Jamii, aende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au apige namba 116 ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure. Huko atasikilizwa na mtoto atalindwa. Kwenye grupu mtoto anaumizwa mara ya pili.

Lakini tuulizane: binti anayetolewa uwanjani anapelekwa wapi? Tunapajua. Wengine wanabaki nyumbani, na wengine baada ya miezi kadhaa wanapandishwa basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kwenye nyumba ya mtu ambaye mzazi hajawahi kumuona. Hapo hakuna anayetuma klipu. Hapo hatuulizi analala wapi na nani anaufungua mlango usiku. Uwanja wa shule, unaoonekana kutoka barabarani na kila mpita njia, tunauogopa. Chumba cha uani Dar es Salaam hatukiogopi.

NANE, SWALI MTAKALOTUULIZA

"Kwa hiyo tawi linatetea ushoga?" Tunalijibu bila kuzunguka. Tunatetea mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Hilo ndilo jibu la leo.

Lakini kikaoni mjumbe mmoja aliuliza swali zito zaidi: je, siku moja akitokea mmoja wa hawa, amekua, anacheza timu kubwa, akasema kwa kinywa chake kwamba ndivyo alivyo? Hatukukubaliana kila kitu. Wapo waliosema hawataweza kumpongeza, na wapo waliosema hayawahusu. Muhtasari umeandika tulipokutana sote: hatapigwa, hatafukuzwa kwao, nyumba ya wazazi wake haitarushiwa mawe, na magoli aliyofunga yatabaki ni magoli. Ataendelea kuwa mtoto wa Vuga. Asiyeweza kukubali hata hayo, asituambie kuwa anapigania haki za wananchi.

MAAZIMIO YA KAMATI

1. Klipu hiyo ifutwe kwenye simu za wanachama. Atakayeisambaza tena ataitwa mbele ya Kamati ya Maadili ya tawi bila kujali cheo chake.

2. Walioisambaza, sisi viongozi tukiwemo, watakwenda kwa miguu yao kwa wazazi wa wale wasichana 11 waliotolewa na kuomba radhi ana kwa ana. Radhi ya kwenye simu haihesabiki. Katibu anayo orodha na ataanza yeye, nyumbani kwa golikipa.

3. Ni marufuku kuweka picha au majina ya wasichana hao kwenye magrupu, hata kwa kuwasifu, bila ruhusa ya wazazi wao.

4. Akina mama wawili wa tawi watahudhuria kila mazoezi kwa zamu, na mazoezi yatamalizika kabla ya saa kumi na mbili jioni ili kila mtoto afike kwao kukiwa bado kweupe. Mzazi yeyote anakaribishwa kuja kuangalia, siku yoyote, bila taarifa.

5. Mjadala wa mapenzi ya jinsia moja katika michezo ni halali, na kila mwanachama ana uhuru wa imani yake. Jina la mtu wa hapa kwetu halitatajwa ndani ya mjadala huo.

Jumamosi hii saa tisa alasiri tunaomba wanachama waje uwanjani. Hatuhitaji hotuba wala bendera za Chama. Tunahitaji watu wasimame pembeni ya uwanja wakiangalia, wazazi wa Vuga wawaone wamesimama pale. Na wa upande wa chini wasaidie kuurudisha mpira kutoka kwenye kabichi.

Anayepinga tamko hili aandike, atie jina lake, alete ofisini. Tutalisoma kikaoni neno kwa neno. Tunachokataa ni sauti isiyo na jina.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi,
Vuga, Lushoto.